Mparachichi umepita bati mara mbili, naupunguza lini na naukata wapi?

MtuWaMoshono (21 Juni)

Wakuu heshima kwenu, shikamooni wakubwa.

Nina mparachichi nyuma ya nyumba hapa Moshono. Nilinunua kiwanja ukiwa tayari upo, mwenyewe wa zamani aliniambia aliupanda kwa mbegu mwaka ambao kijana wake anaanza darasa la kwanza, na huyo kijana saa hizi ana mtoto, kwaiyo pigeni hesabu wenyewe. Ni wa kienyeji, tunda refu lenye shingo, ganda jembamba, mtamu balaa.

Shida ni kimo. Umepita bati mara mbili na matunda yote yako juu kabisa, huku chini ni matawi matupu tu na giza. Ngoe yangu ya mwanzi haifiki tena ata nikipanda kwenye simtanki. Kuanzia mwezi wa tatu usiku tunda likidondoka kwenye bati ni kama mtu kakurushia jiwe, shemeji yangu alikuja kutoka Singida usiku wa kwanza akaamka akauliza hapa kuna wezi wangapi. Majani yanaziba gata, maji ya mvua badala ya kwenda tenkini yananishukia ukutani. Afu kuna tawi moja limevuka ukuta kwa jirani, yanapondekea kwenye gari yake nyeupe, ni mtu mstaarabu hajawahi kunigombeza ila kila akiniona asubuhi anaosha gari huku ananiangalia.

Juzi kapita dogo mmoja wa chensoo anasema nimpe laki na nusu anaukata wote ubaki kimo cha mtu, nusu saa kamaliza, utachipua upya. Mke wangu kagoma katakata, mana mwaka huu peke yake yametoka gunia tatu na kitu, mama mmoja wa soko la Kilombero huwa anatuma toyo kuja kuchukua.

Kwaiyo naomba kujua, mwezi gani ndo sahihi, nikate wapi, na je mwakani ntakula au ndo basi?

Chalii_wa_Sakina

Ngoja wajuzi waje, mimi nipo siti ya mbele kabisa.

Ila huyo dogo wa chensoo mkimbie. Mimi kwetu tulifanya hayo hayo, tena mwezi wa kwanza jua lile la Arusha linawaka, jamaa akala juu kote tukampigia makofi, yani uwanja ukawa mweupe ukawa unaiona Meru yote toka jikoni. Wiki tatu ganda la matawi upande wa juu likapasuka kama chapati iliyoungua. Kuja kuchipua ukatoa fimbo nyembamba mamia zimesimama wima, kama mafagio. Miaka miwili ata ua moja hatukuona. Wa tatu tawi kubwa likadondoka lenyewe, ndani tundu tupu. Tukaishia kuchoma kuni na kuni zenyewe moshi mtupu.

MangiWaUru

Mkuu mimi nimezaliwa kihambani, kupogolea nimefundishwa na babu kabla sijajua kusoma. Sheria ni moja tu. Unavuna, ukimaliza unapogoa kabla masika hayajaanza, yani mwezi wa kwanza wa pili. Mvua ikishuka mti unakuta umeshajiandaa unachipua vizuri. Kahawa tunafanya ivo miaka yote na mti ni mti. Subiri Januari.

Chalii_wa_Sakina

Mangi na mimi nimekata mwezi wa kwanza nimekwambia matokeo 😂

MangiWaUru

Wewe hukupogoa dogo, ulichinja.

BibiShamba_Tengeru

Habari zenu wanangu. Nimestaafu lakini mikono bado inawasha nikiona uzi kama huu.

Mangi usemacho kwa kahawa ni kweli tupu, sina ubishi. Lakini mti si mti. Kabla hujashika mkasi ujiulize kitu kimoja, huu mti unazalia wapi? Kahawa inazaa kwenye vijiti vya pembeni vilivyokua mwaka uliopita, kijiti kikishazaa pale hapazai tena, ndo mana unakiondoa unaleta kipya. Mparachichi unazaa kwenye NCHA. Maua yanatoka mwisho wa vitawi vilivyokua msimu uliopita, huko nje juani. Sasa mtu akizunguka mti mzima anakata ncha kama ananyoa nywele, ameondoa maua yote ya mwaka unaokuja, afu anashangaa mti una afya hauzai. Mwembe nao unazaa ncha. Mpera ni kinyume, unazaa kwenye chipukizi jipya la mwaka huu huu, kwaiyo mpera ukiufyeka ndo kwanza unazaa.

Kingine Mangi, kahawa yenu inavunwa kuanzia Julai mpaka huko Desemba ndo mana Januari inawafaa. Huyu wa Moshono wake umeangusha kuanzia mwezi wa tatu. Kila mti una kalenda yake na hasa hii ya kienyeji iliyotokana na mbegu, unaweza kukuta miwili uwanja mmoja mmoja una maua mwingine una matunda. Kwa mparachichi unakata ukishamaliza kuvuna na kabla maua hayajachomoza. Huo ndo mlango, na kwako wewe ni sasa hivi, mwisho wa Juni mpaka Julai.

Na kuna faida ya pili. Juni na Julai Arusha kuna baridi na mawingu, jua hatulioni mpaka saa saba. Ganda la mparachichi lililozoea kivuli ukilianika ghafla linaungua, ndicho kilichompata Chalii, Januari hapa ni moto. Ukikata kipindi hiki cha ukungu mti unapata muda wa kuzoea kabla jua la Septemba halijakaza.

Jinsi ya kujua kama umechelewa, angalia vichipukizi vya nchani. Vilivyochongoka vyembamba hivyo ni majani. Vilivyonenepa vya duara duara hayo ni maua yanakuja. Ukikuta vingi vya duara acha, vumilia, kata lile tawi la jirani peke yake.

MtuWaMoshono

Shikamoo mama. Nimetoka nje saa hii na tochi ya simu nimeangalia, vya chini vyote vimechongoka. Vya juu sivioni ndo tatizo lenyewe.

BibiShamba_Tengeru

Marahaba. Vya chini vimekosa jua havikuambii kitu. Kesho mchana panda uangalie vya juu, au lile tawi la jirani mana limepata jua.

Sasa namna ya kushusha kimo. Usishushe mwaka mmoja. Miaka mitatu. Simama mbali uhesabu yale matawi makubwa yanayoshindana kwenda juu, mara nyingi ni matatu au manne. Mwaka huu unaondoa MOJA, lile refu kuliko yote, na siyo kulikata katikati hewani, unalifuata chini mpaka kwenye panda ambapo kuna tawi la pembeni lenye unene walau theluthi ya hilo unalokata, unakata hapo, hilo la pembeni linashika usukani. Mwakani la pili. Mwaka wa tatu lililobaki. Jumla ya majani unayotoa kwa mwaka yasizidi robo ya mti. Yale matawi usiyoyagusa yanakuzalia kama kawaida, mama watoto hagombi. Na ule uwazi uliofungua juu unaingiza jua ndani, utaona matawi matupu ya chini yanaanza kuchipua, ndo huko utakuwa unavunia bila ngazi.

Huyo kijana wa chensoo hajasema uongo wote. Wenye mashamba ya Hass, ile aina ya parachichi la biashara, mti ukizeeka huwa wanaukata ukabaki kama mita moja na unafufuka, lakini siku hiyo hiyo wanaupaka chokaa wote na wanajua hapo hamna mavuno kama miaka miwili. Wengine wanatumia nafasi hiyo kubebesha, yani kuunganisha aina nyingine kwenye machipukizi. Ni kazi ya mpango, siyo ya nusu saa na laki na nusu.

Fundi_Mbao_Kijenge

Mama kaeleza WAPI kwenye mti, mimi niongezee wapi kwenye TAWI mana hapo ndo watu wanaua miti. Mimi siyo mtu wa kilimo mimi napasua mbao, ila nikipasua gogo naona historia yote ya nani aliukata ule mti na aliukata vibaya kiasi gani.

Mnajua ile mbao unanunua ina kifundo cheusi, unapiga randa kifundo kinachomoka kinaacha tundu? Kile ni kigingi. Zamani kulikua na tawi, likafa au mtu akalikata akaacha kipande kimechomoza, mti ukashindwa kukifunika ukakizunguka tu mwaka hadi mwaka, ndani kile kipande kimekufa na kinaoza. Na ule uozo haubaki pale, unashuka kwenye moyo. Lile tundu la Chalii lilianzia hapo.

Sasa wengine wakisikia ivo wanakwenda upande wa pili, wanakata wanalamba shina kabisa liwe flati kama ukuta. Nayo kosa. Angalia pale tawi linapotokea kwenye shina, kuna kama uvimbe, mkunjo mkunjo, ni kama kola ya shati. Ile kola ni ya shina siyo ya tawi. Usiiguse. Kata nje yake kidogo tu, ndo ile inayokuja kufunga kidonda kwa duara mpaka kinapotea.

Na tawi zito usilikate mara moja juu chini. Litaanza kuvunjika kabla msumeno haujafika mwisho na litachuna ganda mpaka kwenye shina, nimeona mti umechunika mita nzima kama mbuzi wa Krismasi. Unakata mara tatu. Wa kwanza unaanzia CHINI ya tawi, kama futi moja kutoka kwenye shina, unaingia theluthi tu unaacha. Wa pili unasogea mbele kidogo unakata toka JUU mpaka tawi lianguke, likichanika linakomea pale ulipokata chini. Umebaki na kipande chepesi, huo wa tatu ndo unakata taratibu pale nje ya kola. Msumeno wa kupogolea ule uliopinda, unakata ukivuta. PANGA LIACHENI JIKONI. Panga halikati tawi, linalipasua.

Chalii_wa_Sakina

Asee fundi umefunga uzi. Kola ya shati 🙌🏾

BibiShamba_Tengeru

Fundi umenifurahisha sana. Hicho unachokiona kwenye mbao kuna Mmarekani anaitwa Alex Shigo alikifanyia kazi miaka mingi kwenye idara ya misitu ya kwao, alikuwa anapasua magogo kwa maelfu anafuatilia vidonda. Akaonyesha kwamba mti haponi kama sisi, ngozi hairudi. Mti unajenga ukuta kuzunguka sehemu iliyooza na kuifungia humo, afu unaota mpya kwa nje. Ukikata kwenye kola unauachia huo ukuta, ukiilamba kola umeuvunja. Na ndiyo mana siku hizi hatusisitizi tena kupaka rangi ya mafuta au lami kwenye kidonda, haizuii uozo, mara nyingine inafungia unyevu ndani.

MangiWaUru

Mama hapo nimekubali. Ila babu alikua anapaka mrututu kila kidonda na miti yake ipo mpaka leo.

BibiShamba_Tengeru

Mrututu ni dawa ya ukungu ni kweli, na huko Uru mvua zenu ni nyingi, sitagombana na babu yako. Namuamkia huko aliko.

Dada_wa_Rau

Jamani nami niulize, samahani mwenye uzi. Nina mchungwa hapa nyumbani Rau, niliununua mche umebebeshwa. Miaka minne umezaa machungwa matamu vizuri tu, sasa huu mwaka wa pili unatoa malimau! Yani malimau yenye ganda gumu la mabonde mabonde na matawi yana miiba mirefu. Mama mkwe anasema kuna mtu kauangalia kwa jicho baya. Mimi nishaanza kumshuku mpangaji.

Fundi_Mbao_Kijenge

😂😂😂 mpangaji wa watu jamani

BibiShamba_Tengeru

Mpangaji hana kosa mwanangu. Mche uliobebeshwa ni miti miwili, chini ni mlimao mkali kwa ajili ya mizizi, juu ndo mchungwa. Kuna siku chini ya ile alama ya kuungia kulichipua oteo ukaliacha ukaona mti unastawi. Lile oteo ni limau lenyewe, lina nguvu kuliko chungwa, limepanda mpaka limelifunika. Shuka chini kwenye shina utafute alama ya kiungo, ni kama kovu la mshazari. Kila kilichotoka chini ya hapo kiondoe, kikiwa kichanga kivue kwa mkono kitoke na kitako chake, kilichokomaa kata mpaka kwenye shina. Kama juu kuna tawi la chungwa bado hai, litarudi. Kama halipo, basi una mlimao, kunyweni chai.

Zaidi ya hapo mchungwa hauhitaji kukatwa katwa. Toa vikavu, toa vinavyosuguana, basi.

Dada_wa_Rau

Yesu na Maria. Nimeangalia, chungwa limebaki tawi moja limejificha katikati huko. Asante sana mama, naenda kumsalimia mpangaji.

PasuaBoy

Vp mwembe? Wangu upo Pasua, mkubwa, unazaa mwaka huu, mwakani unapumzika. Naweza kuupiga sahii Julai pamoja na mwenye uzi?

BibiShamba_Tengeru

Hapana! Moshi mjini mko chini na joto, mwembe wenu unavunwa kuanzia huko Desemba mpaka Februari na hiki kibaridi cha sasa ndicho kinachouamsha utoe maua. Ukikata Julai unakata maua. Kata mara tu baada ya embe la mwisho, Februari, masika ikija inasukuma majani mapya, yanakomaa miezi ile ya mvua, ikifika baridi yapo tayari kutoa maua. Na ukate kidogo kila mwaka ncha zilizozaa, itasaidia hiyo tabia ya kupumzika. Ule utomvu usikuguse usoni, unababua ngozi, vaa mikono mirefu.

Mzee_wa_Ngaramtoni

Mnajichosha. Mti usiozaa piga misumari mitatu upande wa mashariki. Na asikate mtu mwenye mkono mzito, unakauka.

Fundi_Mbao_Kijenge

Mzee wangu shikamoo, hiyo misumari ndo inaninyonga mimi, nishavunja blade mbili za msumeno kwa miti ya watu wa imani hiyo. Mti wa jamaa wenyewe unazaa gunia tatu, umpige misumari ya nini?

mama_mbuzi_Usa

Naomba mnisikilize kabla hamjaanza kukata. Majani ya parachichi MSIWAPE MBUZI. Yana sumu. Mwaka juzi jirani kakata tawi kaona majani mengi mabichi akanirushia kwenye banda kwa nia nzuri tu, mbuzi wangu wawili wa maziwa wamekula. Kesho yake kiwele kimevimba kigumu kama jiwe, maziwa yakakata, yaliyotoka kidogo yana mabonge. Daktari wa mifugo alipokuja swali la kwanza aliuliza mmewapa majani gani. Mmoja alipona ila maziwa hayakurudi kama zamani, mwingine alikufa, walisema moyo. Ng'ombe pia, farasi pia, sungura pia. Mpaka leo nikiona mtu amebeba tawi la parachichi njiani namfuata namuuliza anapeleka wapi.

MtuWaMoshono

Daaah mama mbuzi umeniokoa. Mke wangu ana sungura kumi na mbili na nilishapanga yale majani yote yaende kule.

BibiShamba_Tengeru

Ni kweli kabisa, na nimeona aibu mimi sikulisema. Majani yaache chini ya mti huo huo yawe matandazo, mizizi yake inakaa juu juu inapenda kufunikwa. Ila yasigusane na shina.

Kwa_Mrombo_Finest

Na angalia nyaya za umeme mkuu. Kama tawi lipo karibu na waya wapigie TANESCO waje wao, usipande na msumeno wa chuma. Afu mparachichi hauna adabu, tawi lake linakatika bila kukwambia. Mwembe utalia kwanza, ule unakatika tu upo nao chini.

---

MtuWaMoshono (8 Julai)

Wakuu nimerudi na mrejesho.

Jumamosi tumeingia kazini mimi na Chalii_wa_Sakina (ndio, amekuja kweli na ngazi yake toka Sakina, kumbe ni mtu mzima ana kitambi) na kijana wa kutushikia kamba. Vichipukizi vya tawi la jirani vilikua bado vimechongoka vingi, vya duara vichache sana, kwaiyo tukasema twende.

Tulikaa chini nusu saa nzima tunaangalia tu na chai mkononi. Matawi makubwa ni matatu, lile la bati, lile la jirani na moja limesimama katikati refu kuliko yote. Mke wangu akauliza swali la maana, kwanini uanze na refu wakati linalokusumbua ni la bati? Tukabishana. Mwisho tukakubaliana mwaka huu liende la bati lote mpaka kwenye panda, na la jirani tupunguze tu kipande kilichovuka ukuta, hapo robo imefika. La katikati mwakani. Mama BibiShamba kama tumekosea utanisamehe.

Ile ya kukata mara tatu asee acha tu. Tawi la bati pale chini ni nene kama paja. Tumelifunga kamba ya katani, ikazungushwa kwenye tawi la juu, kijana anashikilia. Chalii akakata chini, akahamia juu, msumeno unavuta unavuta, ghafla KWAA, likashuka likaning'inia na kamba, ganda likachanika kama kiganja tu likakomea pale pale kwenye mkato wa chini. Nilivyoona vile ndo nikaelewa yule dogo wa chensoo angenifanya nini. Tukashusha taratibu, bati halijaguswa. Kola tumeiona mama, ipo kabisa imekunjamana.

Msumeno tulikua tunaufuta na spiriti kila tukihama tawi. Matunda yaliyokua juu tumepata debe zima, nusu nimempelekea jirani na kumuomba radhi ya gari. Kapokea, kasema hakuwahi kukasirika, alikua anasubiri tu nimkaribishe achume.

Sasa swali. Leo siku ya nne pale kwenye vidonda pametoka unga mweupe, kama chumvi au sukari imekauka. Ni fangasi? Nimeshapanga kwenda duka la pembejeo kesho.

BibiShamba_Tengeru

Usiende dukani, utauziwa kitu. Ule ni utomvu wake, una sukari, ukikauka unakuwa unga mweupe. Mparachichi ukiujeruhi popote ndo tabia yake. Mvua ikipita itauosha.

Mkeo ana akili, mmefanya vizuri. Kinachokusumbua ndicho kinaanza kama mti unabaki na uzani pande zote. Sasa lile tawi lililobaki wazi upande wa bati, limeona jua ghafla, chukua rangi nyeupe ya maji ya ukutani uchanganye nusu kwa nusu na maji, au chokaa, upake upande wa juu wa tawi na shina lote lililokuwa kivulini. Siyo kwenye kidonda, kwenye ganda. Fanya kabla ya Septemba. Na samadi usiweke kwanza. Mti uliokatwa una mizizi mingi kuliko majani, ukiupa samadi utakurushia yale mafagio ya Chalii.

Chalii_wa_Sakina

Mimi na mafagio yangu tumekua mfano wa taifa

---

MtuWaMoshono (19 Oktoba)

Mrejesho wa pili. Tawi la katikati limejaa maua mpaka nyuki wanasikika toka jikoni. La jirani nalo limetoa ila kidogo. Upande wa bati kule nilikopaka chokaa hamna palipopasuka, na chini yake kwenye shina tupu kimo cha kifua changu yamechomoza machipukizi yale mekundu mekundu, nimehesabu kumi na saba. Gata nimezibua mara moja tu tangu Julai.

Haya kumi na saba niyaache yote? Mke wangu anasema yaachwe, jirani anasema yatolewe yote mana yananyonya mti (ndio, siku hizi jirani naye ni mshauri, anaingia kwa geti la nyuma).

BibiShamba_Tengeru

Bakisha matatu au manne, yaliyoachana, yanayoangalia nje na siyo yanayoenda ndani kwenye shina. Mengine yavue kwa kidole leo leo yakiwa bado laini, ukisubiri mwezi utahitaji mkasi. Hayo manne yakifika urefu wa mkono wako, minya ncha, yatatoa matawi ya pembeni. Hapo ndo utakapochuma umesimama chini.

MtuWaMoshono

Nimevua kumi na matatu. Mengine mawili jirani alikua ameshayavua asubuhi bila kuniuliza, kwaiyo nimebaki na mawili.

Fundi_Mbao_Kijenge

Huyo jirani mpe msumeno kabisa mwakani apande yeye.